Mashine ya Dhahabu Haipimi Moyo

Wodi ya watoto, Nairobi
Jumapili mchana

Kwako Baba Boke,

Salamu zikufikie, ingawa nakuandikia nikiwa nimeuma meno. Habari za hapo Masara? Mama anaendeleaje na lile goti lake? Mvua imeshika, ama bado mnatazama mawingu? Nauliza kwa sababu nililelewa na watu, na mtu huuliza hali ya nyumba kabla ya kusema lililomleta. Sisi huku tuko hai. Boke amekunywa uji nusu kikombe, sasa amelala. Moyo wake unaonekana ukipiga kwenye kioo kilicho juu ya kitanda, na mimi nakitazama hicho kioo mpaka macho yananiuma.

Nimeona umepiga simu tangu Ijumaa. Sijaibiwa simu na wala haijaisha chaji. Sijashika kwa sababu nakujua: sauti yangu ikipanda kidogo tu, unasema network ya huko mgodini Osiri imekataa, halafu unakata. Barua hutaikata. Jioni naipeleka ofisi ya mizigo ya basi la Migori, kondakta atakupigia kesho uende kuichukua stendi. Kaa chini uisome mpaka mwisho. Mimi nimetoka Rusinga, wewe ni Mkuria uliyefuata dhahabu mpaka Masara, na lugha tuliyokutana nayo katikati ni Kiswahili. Tumependana nacho miaka minane. Leo nakitumia kugombana.

Nianze na siku niliyokuja hapo Masara, kwa sababu tuliondoka asubuhi yake bila hata kuagana na mama yako, na nasikia unawaambia watu kwamba nilimnyakua mtoto kama kuku. Kweli, nilimnyakua. Nilitoka Limuru shule ilipofunga midterm, nikakabidhi masufuria ya jikoni ninakopikia wanafunzi, nikasafiri siku nzima nikiwa na kiatu kipya cha Boke mfukoni. Kila nikija, huyo mtoto hunikimbilia kutoka kwenye mti wa mpera hadi barabarani. Safari hii alikuwa amekaa juu ya jiwe. Aliniona, akatabasamu, akabaki palepale. Nilipomwinua nikaona midomo yake imepauka kama majivu, na kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyebeba maji kutoka mtoni.

Nikamuuliza, "Nyathina, mwanangu, kwani nini mbaya?"

Akasema, "Mama, kuna chura kwa moyo. Anaruka, halafu anasimama kidogo, halafu anaruka tena."

Ulikuwa pale mlangoni, unakula mahindi. Unakumbuka ulivyonijibu? Ulisema, "Wacha wasiwasi, Nyar Rusinga. Huyu ako sawa. Tumempima mara tatu."

"Mmempima wapi? Migori?"

"Migori ya nini? Osiri. Kwa machine ya Mwita."

Nilidhani kuna daktari mgeni amekuja mgodini anaitwa Mwita. Naapa nilidhani hivyo, mpaka uliponieleza ukicheka kwamba ni Mwita yuleyule rafiki yako, na mashine ni ileile ya kutafutia dhahabu, yenye kijiti na sahani ya duara chini, ambayo mnatembea nayo milimani mmevaa vitu masikioni. Mlimsimamisha mtoto wangu, mkampitishia hiyo sahani kifuani, ikalia, mkasema kile kifaa cha moyoni bado kiko. Na kwa sababu kiko, mkaona hakuna haja ya kurudi kwa daktari.

Baba Boke, nimekasirika. Sijui niiandike hasira hii kwa herufi gani. Nimekasirika mpaka asubuhi nimemfokea mama wa kitanda cha pili aliyeniazima sabuni.

Nikukumbushe, maana huenda vumbi la mgodi limeziba masikio. Siku ya kutoka hospitali, baada ya tundu la moyo wa Boke kuzibwa, tulikaa wawili mbele ya yule daktari mama. Alituchorea kwenye karatasi. Alichora moyo, akachora tundu kati ya vile vyumba viwili vya juu, akaonyesha jinsi walivyopitisha mrija kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni wakafungua kile kifaa: vifuniko viwili vya waya, kimoja huku, kimoja kule, vimekumbatia ukuta wa moyo. Ukafurahi ukasema ni kama kifungo cha shati. Daktari akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema kwa watoto wengi kifaa kinashika na nyama inakifunika. Kwa wachache kinainama au kinateleza. Akasema, "Sijui kama Boke ni wa wengi au wa wachache. Hakuna anayejua mpaka tuangalie kwa picha." Ndiyo maana akaandika tarehe za picha kwenye kadi: ya wiki, ya mwezi, ya miezi mitatu. Wewe ndiye uliyemuuliza, si mimi: "Na kikitoka, kinaenda wapi?" Akakujibu, "Kinaenda na damu."

Ulisikia. Ulitikisa kichwa. Ile picha ya wiki ya kwanza tulienda pamoja, ikawa nzuri. Nikarudi jikoni kwangu, ukampeleka mtoto nyumbani kwa sababu mahali ninapolala ni chumba cha wapishi wanne. Picha ya mwezi ilipofika, ukafanya ujanja.

Nami najua ujanja ulitoka wapi. Ulichukua nusu ya neno la daktari. Alisema hatari ni kifaa kutoka, ukajiambia, basi kazi ni kujua kama kimetoka, na sisi watu wa Osiri tuna mashine ya kujua kama chuma kiko. Nusu ya neno ni mbaya kuliko kutosikia kabisa, maana asiyesikia angeuliza.

Na usiniambie hukujua. Hiyo mashine unaijua kuliko mimi. Ni nani aliyechimba siku mbili nyuma ya choo cha kanisa kwa sababu ililia, akatoa jembe bovu? Ni nani aliyenisimulia kwamba inalilia misumari, inalilia vifuniko vya soda, inalilia hata bati lililozikwa na watoto? Ukiwa unatafuta dhahabu unajua vizuri kwamba mlio si dhahabu, mlio ni mwanzo tu wa kuchimba. Kwa moyo wa Boke ndipo mlio ukawa jibu.

Aspirini ulimpa kila asubuhi. Hilo nakupa, nimehesabu vidonge vilivyobaki na havikukosea hata kimoja. Hukumwacha arukeruke wiki zile za mwanzo. Ulimbeba mgongoni kuvuka mto. Ungekuwa baba mzembe ningekuwa na raha ya kukutukana vizuri. Lakini wewe ni baba anayempenda mtoto, na bado ukamfanyia hivi, na mimi sijui niishike wapi hasira yenyewe.

Alipoanza kuchoka mkampeleka dispensari. Mkasema anachoka na ana joto kidogo. Yule kijana anayetibu pale akamwandikia dawa ya malaria bila kumwekea mkono kifuani. Nilipanga kumtukana na yeye humu ndani. Kisha nikamuuliza Boke, akasema hamkutaja kifaa. Hamkuonyesha kadi. Ningekuwa mimi pale dispensari, mtoto analetwa Masara ana uchovu na joto, hata mimi ningesema malaria. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hukuficha kwa aibu, ulificha kwa kudhani umeshayapima.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nitoke wodini niende kusimama karibu na mapipa ya taka ili nisilie mbele ya watu. Jana Boke aliniambia, bila kujua ananiambia nini. Alisema watu wa shimo walikuwa wanapenda kusikia moyo wake ukilia. Nikamuuliza watu gani.

"Wale wa kuingia chini. Walikuwa wanataka machine ilie kwanza ndio waingie. Ati ni bahati."

"Wangapi?"

"Line. Baba alisema nisimame tu straight kama sanamu. Mmoja alinipatia mandazi."

Mwanamume wewe! Mtoto aliyetoka hospitali ana kadi yenye tarehe, ukamsimamisha kwenye vumbi la mawe yaliyosagwa, wanaume wazima wamepanga foleni, ili wapate bahati ya kuteremka shimoni! Wanamwita mtoto wa dhahabu! Na alipokuwa amesimama straight kama sanamu, moyo wake ulikuwa unaruka kama chura, na hakusema, kwa sababu ulikuwa unafurahi na yeye hakutaka kukuharibia. Ana miaka sita. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na mimi nilidhani ni maneno ya kutisha watoto.

Subiri, usiiweke barua chini bado. Kuna langu pia, na nisiposema, nitakuwa nakudai ukweli ambao mimi mwenyewe sina.

Mlipompima mara ya kwanza ulinitumia ule mlio kwa WhatsApp. Ukaandika chini yake, "Sikia moyo wa Boke." Sikujua ni mashine gani. Nilidhani umenunua kichezeo au ni mzaha wako wa kawaida, na sikuuliza. Niliusikia nikiwa nakoroga githeri, nikacheka. Nikawachezea wapishi wenzangu, nao wakacheka, mmoja akasema niurudie tena. Siku mbili baadaye ukanipigia ukasema mtoto yuko vizuri, mmempima, je ni lazima aje kwa ile picha ya mwezi? Nami nilikuwa nimekwisha kuomba ruhusa mara mbili muhula huo, na matron alikuwa ameanza kuniangalia kwa jicho la upande. Sikukuuliza mmempima wapi. Nilisema, "Kama amepimwa ni sawa, atakuja ile ya miezi mitatu." Ndivyo nilivyosema. Nimeyarudia hayo maneno kichwani tangu Alhamisi tulipofika hapa, na kila nikiyarudia ni sauti yangu.

Kwa hivyo nusu ya hasira unayoisoma ni yangu mwenyewe. Hiyo nusu niachie. Lakini yako ichukue yote, usinirudishie.

Tulipofika hapa walimpiga eksrei kabla hata sijamaliza kuandikisha jina. Daktari ni yuleyule mama. Aliitundika picha kwenye mwanga. Kifaa kilikuwa kinaonekana, kidogo, cheupe, kama wadudu wawili wamebebana. Hata mimi nisiyesoma picha niliona hakiko mahali alipotuchorea. Kimetoka ukutani, kimepita kwenye moyo, kimesukumwa na damu mpaka kwenye mshipa unaokwenda mapafuni, na huko kimekwama. Tundu liko wazi kama siku aliyozaliwa, na juu ya hilo kuna waya umeziba nusu ya njia.

Nikamweleza habari ya mashine. Niliona haya, lakini nilimweleza. Nilingoja anifokee, na hakunifokea. Alifuta miwani yake akasema, "Mama Boke, hiyo mashine haikudanganya. Ilisema kuna chuma kifuani. Haijui kiko wapi. Hata sasa ukimpitishia, italia."

Kisha akasema jambo ambalo ningependa nisilijue. Picha ya mwezi huenda ingeonyesha kimeanza kuinama. Wangekikamata mapema kwa mrija uleule wa pajani na kukitoa au kukiweka upya, mtoto akarudi nyumbani baada ya siku chache. Alisema "huenda". Ni mtu wa haki, hakusema "hakika". Lakini mimi hilo "huenda" ndilo ninalolala nalo.

Ijumaa walijaribu kwa mrija. Walipitisha kitanzi cha waya ndani ya mshipa wakivue kama mtu anavyovua ndoo iliyoanguka kisimani. Walikishika, kikaponyoka. Wakakishika tena, kikaponyoka. Moyo ukaanza kupiga ovyo, wakaacha. Ndiyo saa ile uliyokuwa unapiga simu mara ya nne na ya tano. Nilikuwa nimekaa sakafuni nje ya mlango, simu inatetemeka mkononi, na nikasema moyoni, huyu mtu nikishika nitamwambia maneno ambayo hayatarudi.

Sasa ni kupasua kifua. Alhamisi hii inayokuja, asubuhi. Watafungua mfupa wa katikati, wausimamishe moyo wake, mashine nyingine impigie damu, watoe kile kifaa, washone kiraka kwenye tundu. Daktari amesema wanafanya mara nyingi na watoto wengi wanaamka. Niliuliza wangapi hawaamki, akaniambia, na sitakuandikia, utakuja kumuuliza mwenyewe. Wanahitaji watu wa kutoa damu pia. Wewe na wenzako wa shimo, waliopata bahati kwa mtoto wangu, waje na mikono yao.

Lakini damu siyo niliyokaa kukuandikia.

Boke amekataa. Sista alipomweleza jana kwamba kifaa kimetoka mahali pake na lazima kitolewe, alimsikiliza vizuri, kisha akasema, "Hapana. Kiko. Baba alipima." Sista akamwonyesha eksrei. Akasema hiyo ni ya mtoto mwingine. Leo asubuhi walipokuja kumtoa damu ya vipimo alipiga mateke, akaung'oa mrija wa mkononi, damu ikaruka mpaka kwenye shuka, na kile kioo kikaanza kupiga kelele kwa sababu moyo ulikwenda mbio. Ilichukua watu watatu. Daktari ameniita kando, ameniambia moyo ulio katika hali hii hautakiwi kuingia kwenye chumba cha upasuaji ukiwa unapigana. Anataka aingie ametulia. Ameniambia nizungumze naye.

Nilikaa naye kitandani. Nikamshika mguu. Nikafungua mdomo nimwambie, baba yako alikosea. Nilikuwa nimeyapanga maneno, tena kwa hasira niliyo nayo yalikuwa matamu. Akanitazama, akasema, "Mama, Baba hawezi danganya. Si ata wewe unajua?"

Nikafunga mdomo. Hukumdanganya, Baba Boke. Ungekuwa umemdanganya ningemwambia. Uliamini, na yeye akaamini kwa sababu uliamini, na mimi nimekataa kuliondoa hilo kwa mkono wangu. Nilimwambia utakuja.

Msalimie mama, mwambie nilikosa adabu kuondoka bila kumuaga na nitaomba msamaha nikirudi. Habari ya kupasuliwa kifua mwambie polepole, akiwa amekaa. Mama yangu Rusinga anajua tu kwamba mtoto ameugua. Mpigie wewe, maana mimi nikimpigia tutalia wote wawili na hakuna litakalosemwa. Msalimie mwalimu wa Boke, amwekee nafasi yake. Mwita sina salamu zake kwa leo.

Uje Jumatano, kabla ya saa ya kuona wagonjwa kuisha. Usije na mandazi, usije na kichezeo, usije na maneno ya kunituliza, sitatulia. Ingia, keti kwenye hiki kiti ninachokalia, umwambie mtoto wako, "Boke, nilikosea. Kifaa kimetoka." Hujawahi kumwambia mtu hivyo tangu nikujue, hata mama yako, hata mimi. Utaanza na yeye. Kwa sababu Alhamisi atalazwa kwenye ile meza, na hakuna aliyeniahidi kwamba ataamka. Akiamka, nataka awe bado ana baba anayeweza kumwamini. Na asipoamka, sitaki jambo la mwisho alilosikia hapa duniani liwe kwamba baba yake alikosea, na limetoka kinywani mwangu.

Ni mimi mkeo, ambaye bado nimekasirika,

Adhiambo, Mama Boke